Paa Jeupe la Nyumba ya Mama

Kuna kipindi niliamini, kwa moyo wote na kwa diplome ya Serikali niliyoipata katika masomo ya jioni, kwamba nyumba ikichorwa kwa rangi ya maji, kisha ile karatasi ikanyeshewa mvua, paa la nyumba yenyewe linaanza kuvuja. Usidhani nilisikia nikacheka. Niliamini, tena niliwaeleza wengine, na kila nikieleza niliongeza kidogo. Kwanza nyumba ilivuja tu. Baadaye ilivuja mpaka mbuzi akaogelea sebuleni. Mwisho kukawa na familia moja huko Pinga ambayo ilikuwa inasonga bugali chini ya mwavuli, baba ameshika mwavuli, mama ameshika mwiko. Habari ya mwavuli niliitunga mimi mwenyewe. Lakini nilipoirudia mara kadhaa nikaanza kuiamini nayo, maana ilikuwa imekaa vizuri.

Tuseme ukweli: watu wa mji wetu wa Mweso hawakuhitaji msaada wangu ili watushuku. Sisi tulikuwa kikundi cha kuchora. Watu saba ao nane, inategemea mvua na misiba. Kiongozi wetu alikuwa Madame mmoja aliyetoka Goma kufundisha kuchora katika shule ya sekondari, akaja na maboksi ya rangi kavu zilizokatwa vipande vidogo kama bonbo, pipi za watoto. Unalowesha brashi, unaigusa ile bonbo, unaweka juu ya karatasi, na mlima unatokea. Mara ya kwanza nilipoona mlima ukitokea nilipiga kelele hadi mbwa wa kartie yetu, mtaa mzima, wakajibu.

Rafiki yangu katika kikundi alikuwa motari, muntu mnene anayepeleka abiria na magunia Pinga kwa pikipiki yake. Wiki nzima alipigana na matope, na Jumamosi alishika brashi nyembamba kwa vidole vinene kama ndizi za kupika. Alikuwa anachora pikipiki peke yake. Tukichora kanisa, yeye anachora pikipiki iliyoegemea kanisa. Mimi nilikuwa nauza unite, yaani vocha, na kuchaji simu za watu karibu na hospitali, na Jumamosi nilifunga kibanda mapema.

Madame alikataa tuchore sehemu nzuri tu. Alisema Mweso ni miji mingi imebanana bonde moja, na kila Jumamosi lazima tuingie kwenye kartie nyingine. Tukaenda barabara ya maduka, ambako mbao zimepakwa bluu na kijani. Tukaenda nyuma ya hospitali. Tukaenda kambini, kwa familia zilizohama, ambako maturubai meupe yamepangana hadi juu kama nguo zilizoanikwa. Tukapanda kwa wakulima wa mlimani, wale ambao babu zao walilima maharagi na muhogo pale pale. Na kila kartie ilikuwa na namna yake ya kutuangalia kwa jicho la pembeni. Wafanyabiashara walifikiri tunahesabu maduka kwa ajili ya kodi. Wakulima walifikiri tunapima mashamba. Kambini walifikiri tumeleta msaada na tunauficha. Kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliangalia karatasi ya motari muda mrefu sana, kisha akauliza: "Na mimi niko wapi?" Motari akamchora haraka haraka kando ya pikipiki. Yule askari akaangalia tena, akanuna. "Umenifanya mufupi," akasema, na tulisimama pale mpaka aliporefushwa.

Lakini shida kubwa ilikuwa maji.

Kwetu hauwezi kumpa muntu kinywaji bila kuonja wewe kwanza, mbele ya macho yake. Sababu ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo hakuna aliyeiona kwa macho lakini kila familia ina shangazi aliyekufa nayo. Sasa rangi ya maji inataka maji. Siku ya kwanza kwa wakulima, Madame aliomba maji kwa mama mmoja. Yule mama akachota, akaonja, akatupatia kikombe, kisha akasimama akingoja.

"Asante, Mama. Ni ya kuoshea brashi," Madame akasema.

Yule mama akashika kiuno. "Nimeonja mbele yako, na wewe unakataa kunywa?"

"Sikatai, Mama, ila..."

"Unaona maji yangu iko na kitu?"

"Hapana, Mama."

"Basi kunywa."

Tukakunywa. Kikundi kizima, kikombe kikazunguka kama ushirika mtakatifu. Tangu siku ile ikawa sheria: kabla ya kuchora, tunakunywa. Kufikia adhuhuri kila mmoja wetu alikuwa amebeba ziwa tumboni, na motari alikuwa anaomba choo parsele kwa parsele, yaani kiwanja kwa kiwanja, jambo ambalo nalo lilizaa maswali mapya.

Na tulipomaliza kuchora, maji ya kikombe yalikuwa yamegeuka kahawia yenye kijani kijani ndani. Yule mama akainama akayaangalia.

"Na hii? Nani ataionja?"

Motari akanyanyua kikombe kutaka kuyamwaga.

"Musiimwage kwangu. Hapa iko maharagi."

Jirani yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi akituangalia, akapaza sauti: "Wala kwangu! Musifikiri sisikii!"

"Tumwage ku barabara?" motari akauliza.

"Ku barabara batoto banapita!"

Ikabidi motari ayamimine ndani ya bidon, dumu la njano, aifunge nyuma ya pikipiki, tuondoke nayo. Na ikawa hivyo kila Jumamosi. Wewe mwenyewe fikiria jinsi tulivyoonekana: kundi la watu linaingia kwenye kartie, linaomba maji masafi, linakaa linakodolea nyumba za watu macho, kisha linatoka na bidon ya maji yenye rangi. Muuza vitenge mmoja wa barabara ya maduka aliapa kwamba tunabeba rangi ya kartie yao. Akatoa kitenge chake cha dirishani, akasema kilikuwa chekundu kama damu ya kuku kabla hatujapita, na sasa angalia. Kilikuwa kimepauka kweli, lakini kilikuwa kimekaa juani tangu mimi nikiwa kidato cha kwanza.

Wakati ule nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa upande wa wanaoshukiwa, na upande ule unafurahisha sana ukijua hauna kosa.

Halafu tukachora nyumba ya Mama.

Mama ni mujane. Nyumba yake iko mwisho wa kartie ya mlimani, chini ya mikaratusi. Baba aliijenga tulipohama kutoka Ngungu, akaishi ndani yake miaka michache, akafa. Mimi nilikuwa Goma kwa masomo, na niliporudi nilipanga chumba karibu na hospitali kwa sababu ya umeme wa kuchajia simu. Kwa hiyo Mama aliishi peke yake na shamba lake. Juu kidogo anaishi baba mudogo, mdogo wake marehemu. Tangu mazishi, baba mudogo alikuwa anaiangalia ile parsele kama muntu anayeangalia kiti chake ambacho mgeni amekikalia. Akipita alikuwa anauliza tu, kwa sauti ya upole: "Shemeji, nyumba haikuzidi ukubwa?" Na kwetu, mujane akitoka ndani ya nyumba ya marehemu, hata kama ni kwa wiki moja ya kupumzika, kurudi kwake kunakuwa mkutano wa familia. Wengi wameenda kusalimia ndugu zao na wakakuta mlango una kufuli mpya.

Madame aliichagua ile nyumba kwa sababu ya paa. Ilikuwa imenyesha asubuhi, jua likatoka, na manjanja, yaani mabati, yalikuwa yanang'aa kiasi kwamba ndege walikuwa wanakwepa. Mama akaonja maji, tukakunywa. Akaingia ndani kubadili kitenge, akatoka na kile cha Pasaka, akaketi mlangoni amenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Baba mudogo akashuka, akasimama nyuma ya Madame, mikono mgongoni.

Madame alichora mikaratusi, akachora kuta za udongo, mlango, kitenge cha Mama. Paa hakuligusa.

"Madame," baba mudogo akasema, "paa mbona hulipaki?"

"Paa linang'aa, Papa. Mu rangi ya maji, kitu chenye kung'aa unakiacha. Weupe wa karatasi njo mwangaza wake."

"Kwa hiyo nyumba ya kaka yangu haina paa."

"Iko nalo, Papa. Ni hili jeupe."

"Mimi naona karatasi tupu," baba mudogo akasema.

Nikacheka. Motari akacheka. Na mvua ikaja. Mvua ya Mweso haipigi hodi. Siku ile ilianguka juu yetu peke yetu, naapa, mlima wa ng'ambo ulikuwa bado unaota jua. Mama akapiga kelele: "Viti! Viti kwanza!" Tukakimbiza viti. Tulipokumbuka karatasi ya Madame, bluu ya mbingu ilikuwa imeshuka, imepita katikati ya lile paa jeupe, imeingia ndani ya nyumba na kumfikia Mama miguuni. Baba mudogo alikuwa amejikinga ukutani. Akaangalia karatasi. Akaangalia nyumba.

Kesho yake, baada ya misa, nilipanda kwa Mama kula. Nikakuta godoro lake limetandazwa juu ya ua likikauka. Baba mudogo alikuwa ameshafika.

"Iko inavuja," Mama akasema.

"Iko inavuja," baba mudogo akarudia, kana kwamba ananitafsiria. Kisha akanivuta pembeni na kunieleza habari za Pinga: nyumba iliyochorwa kwa maji, karatasi iliyonyeshewa, paa lililoanza kuvuja usiku uleule. Alieleza bila haraka, uso wa msiba. "Na ile nyumba, kijana wangu, walikuwa wameichora na paa lake. Hii yetu walianza kwa kuliondoa paa. Si uliona?"

Niliona! Njo kitu kilichonimaliza. Niliona kwa macho yangu lile paa tupu na bluu ikipita. Fizikia yote niliyosomea chini ya taa ya mafuta ikanitoka, fomula moja baada ya nyingine, kama abiria wanaoshuka kwenye lori lililokwama.

"Shemeji aje kwangu," baba mudogo akaendelea, sasa kwa sauti ya kusikika. "Haya manjanja tutayashusha, tutayatunza kwangu vizuri, mpaka mambo ya hiyo karatasi yaishe."

Mama alikuwa anasugua sufuria. "Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

"Mama, labda kwa muda," nikasema.

Akasugua ile sufuria muda mrefu. "Nitafikiri," akasema.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumshuku baba mudogo. Yeye ni damu. Kumshuku ndugu ni kazi nzito, inataka kikao. Kumshuku mgeni ni rahisi, unaanza papo hapo. Nikaanza kumshuku Madame. Mbona alikuja Mweso wakati wengine wanaenda Goma? Mbona hakuwahi kulalamika juu ya kubeba bidon? Mbona alikuwa anasalimia kila muntu, hata wasiomwitikia?

Nikamtuma motari achunguze Pinga. Akarudi siku ya tatu, matope mpaka kwenye nyusi.

"Nimeuliza," akasema. "Huko bote banaijua hiyo habari."

"Unaona!"

"Banasema ilifanyikaka Mweso."

"Mweso wapi?"

"Kwa mama moja mujane. Mutoto wake anauzisha unite pembeni ya hospitali." Akanitazama. "Kaka, ule ni wewe."

"Najua ni mimi! Kwa hiyo ni kweli!"

Motari akaenda kuosha pikipiki.

Nikaenda kwa Madame kudai karatasi. Alikuwa ameikausha juu ya mbabula, jiko lake la makaa, akaikandamiza chini ya vitabu. Akanipa bila hata kuuliza sababu, akasema tu imeharibika vizuri, akimaanisha madoa yalikuwa yamependeza. Ni muntu gani anatoa kitu bila kuuliza sababu? Nikaifunga ndani ya mfuko wa sukari, nikaitia ndani ya kantini yangu, sanduku la chuma, kantini nikaifunika blanketi. Karatasi ile ilikuwa kavu kuliko karatasi yoyote katika Kivu nzima. Mvua ikanyesha katikati ya wiki. Nikapanda mbio kwa Mama huku nikimshukuru Mungu, nikakuta sufuria, beseni, ndoo na hata chombo cha kuogea vimepangwa chumbani, vinalia ti, ti, ti, kama kwaya inayojaribu sauti.

Sasa nikaelewa. Kulikuwa na karatasi ya pili.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kambini, tunachora maturubai. Sikukunywa maji. Kila muntu aliona kwamba sikukunywa.

"Madame," nikasema, "ile ingine iko wapi?"

"Ingine gani, kaka?"

"Nyumba ya Mama. Ya pili. Ile unayoiachia mvua."

Brashi zote zikasimama. Mama mmoja wa kambini aliyekuwa anatuchungulia akasogea karibu zaidi, na nyuma yake watu kama elfu moja, ao tuseme kumi na kitu.

Madame aliweka brashi yake chini polepole. "Kaka, unafikiri mimi njo naharibu nyumba ya mama yako?"

"Sifikiri. Nauliza."

"Haujauliza. Umenishitaki." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilikunywa maji ya mama yako. Alionja, nikakunywa. Wewe ulikuwa pale."

Nilikuwa bado natafuta jibu lenye Kifaransa ndani yake, wakati jirani wa Mama alipopita na jembe begani akitoka shamba. Aliponiona akasimama.

"We! Uko apa unacheza na rangi, na kwenu banasimamisha ngazi?"

Tulipanda ule mlima kikundi kizima, viti mkononi, rangi zikimwagika. Motari alipitia barabara na pikipiki na bado tulifika pamoja, ndivyo tulivyokimbia. Kweli ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Vijana wawili wenye nguvu walikuwa wamesimama kando yake na nyundo, na baba mudogo alikuwa anaonyesha kwa kidole ni njanja gani litoke la kwanza. Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya kiti kidogo. Mizigo hakuifunga. Kitanda chake chenye godoro lililolowa kilikuwa bado ndani, na yeye alikuwa amekaa katikati ya mlango, hivi kwamba muntu asingeweza kukitoa bila kumbeba kwanza.

"Madame," baba mudogo akasema, "umerudi kumaliza kazi?"

Madame akapiga magoti kidogo, akamsalimia Mama kwa mikono miwili. Kisha akauliza: "Mama, hii nyumba ilianzaka kuvuja wakati gani?"

"Siku ile ulichora," baba mudogo akasema.

"Siku ile ya mvua," nikasema mimi.

"Hata Pinga banajua," mmoja wa wale vijana akasema kutoka kwenye ngazi.

"Namuuliza Mama," Madame akasema.

Hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimeuliza motari, nimeuliza abiria wa Pinga, karibu niiulize hata karatasi yenyewe. Mwenye kulala chini ya lile paa hakuna aliyemuuliza.

Mama akaangalia juu, kisha akamwangalia baba mudogo, ambaye ghafla alikuwa anachunguza ukucha wake.

"Ilianzaka kuvuja siku tuliijenga," akasema. "Haya manjanja ilikuwa ya nyumba yetu ya Ngungu. Tuliyang'oa, tukayabeba ku mugongo mpaka huku. Iko na matundu ya misumari ya zamani. Bwana wangu alikuwa anapanda kuyaziba na lami. Tangu afe, hakuna muntu alipanda. Shemeji anajua, alitusaidiaka kuyabeba. Mimi nilisema inavuja. Sikusema ni karatasi. Na sitoki. Sasa kama muko na ngazi, mutafute lami, mupande muzibe."